Stima ya Nyumba ya Baba

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja nilipopiga kelele mbele ya wageni, na kelele ile ikanigharimu ndugu zangu. Sijutii kwamba nilipiga. Ninachojutia nitakuambia.

Nyumba yetu ilikuwa Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Baba, makanika wa malori, aliijenga kwa mikono yake, akiongeza chumba kila mtoto alipozaliwa. Stima aliivuta mwenyewe pia. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo chumba changu kilipata taa kwanza. Vya wadogo wangu, cha Njoroge na cha Mumbi, vilipokuja, aliunga waya kutoka kwangu. Mtu akipiga pasi chumba cha mwisho, soketi yangu ndiyo iliyopata moto.

Wazazi walifariki, mama akitangulia na baba akimfuata. Niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikauza viazi vya Kuresoi sokoni ili hao wawili wasome. Silalamiki. Au labda nalalamika kidogo; umri huu unaniruhusu.

Nyumba ile, mwanangu, ilikuwa na adabu zake. Huwashi taa ya bafu bila slipa. Hugusi mfereji birika la stima likichemka. Mvua ikinyesha, hupigi pasi. Tulifundishwa hayo pamoja na kusalimia wakubwa, nami nikawafundisha wadogo wangu vivyo hivyo. Aliyesahau alirushwa na stima, na wengine tukamcheka. Hakuna aliyewahi kusema stima ni mbovu. Tulisema tu kwamba nyumba ina mambo yake.

Walipokuwa watu wazima, wenzangu walitaka tuuze. Njoroge alikuwa ameona shamba, Mumbi alitaka duka. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mali ya wazazi. Bila sahihi yangu nyumba haikuuzika. Nikasema tumwite fundi wa stima kwanza. Njoroge akaleta rangi. Akasukuma kabati mbele ya soketi yangu iliyoungua, akapangusa mikono.

"Kwani wewe ni kampuni ya stima?" akaniuliza. "Atakayenunua atajipanga."

Nikamwacha apake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na nyumba yetu tulikuwa tumeipaka poda tayari kuitembeza.

Aliyekuja kuiona alikuwa Mama Zuhura, mjane wa Bondeni, muuza vitambaa, pamoja na binti yake mjamzito. Walifika mlangoni wakavua viatu, kama walivyolelewa. Niliwatazama wakikanyaga sakafu ya baba kwa miguu mitupu, na bado sikusema neno.

Binti akaenda kuangalia bafu. Chini palikuwa na maji, maana Mumbi alikuwa ametoka kupapiga deki. Alipoinua mkono kwenda kwenye swichi, sauti ikanitoka, ile ile niliyowapigia wadogo wangu miaka yote:

"Vaa slipa kwanza!"

Mkono wake ukasimama hewani.

"Slipa za nini, mwanangu?" akauliza Mama Zuhura. "Tumevua viatu kwa heshima ya nyumba yenu."

Njoroge akacheka upesi. "Ni usafi tu, mathe. Huyu sista wetu anapenda usafi kama matroni."

Mama Zuhura hakumgeukia. "Nimemuuliza yeye."

Nikafikiri: sisi tukihama, tutahama na adabu zetu. Huyu binti ataachiwa kuta. Mtoto wake atatambaa humu, na hakutakuwa na mtu wa kumpigia kelele. Nikasema yote. Nikasema bafu, nikasema mfereji, nikasogeza na kabati.

Mama Zuhura alimshika binti yake mkono, wakavaa viatu polepole. "Mungu akulipe," akaniambia. "Ila mwanangu, ungeniambia langoni. Umemwacha mtoto wangu atembee mpaka kwenye swichi, ndipo ukakumbuka kwamba ni mtu."

Neno lile halijanitoka moyoni hadi leo.

Walipokwisha kwenda, Njoroge alinirukia. "Umemtukana baba mbele ya wageni! Nyumba imetulea sote hii. Nani alikufa?" Na Mumbi, niliyembeba mgongoni hadi alipojua kukimbia, akasema taratibu, "Ni wivu. Yeye hakusoma, sasa hataki tusonge mbele."

Nilikataa kutia sahihi mpaka fundi mwenye leseni alipokuja, kijana wa Kabazi. Akafungua dari. Waya nyembamba za taa zilikuwa zimebeba mzigo wa nyumba nzima, maungio yamefungwa kwa karatasi za nailoni, na mahali pa fyuzi pana msumari. Akatema vumbi, akasema, "Mathe, hii nyumba imewavumilia."

Nilimpenda baba, na bado nampenda. Lakini kumheshimu marehemu si kumwachia mgeni makosa yake ayafie.

Waya zote ziling'olewa, zikawekwa mpya, zikapimwa. Gharama ilikatwa kwenye bei nyumba ilipouzwa, kila mmoja wetu akapungukiwa. Nikaenda Bondeni mwenyewe, nikamweleza Mama Zuhura kilichofanywa, naye akanunua. Wajukuu wake wamekulia pale.

Na mimi? Njoroge alipomwoza binti yake, nilipata habari kwa jirani. Mumbi akipokea simu yangu, huwa ana haraka. Wote wawili huwaambia watu kwamba nilikula urithi. Kila Idi, mjane ambaye si wa ukoo wangu hunitumia sahani ya mahamri. Niliowaachia shule hawajui hata kama nimekula. Husemwa damu ni nzito kuliko maji. Sijui, mwanangu. Mimi nimeipima.

Basi sikiliza. Ukitaka kuuza nyumba, kabla ya rangi mwite fundi wa stima aliyesomea na mwenye leseni, si jirani mwenye koleo. Akikuonyesha ubaya, tengeneza. Ukikosa uwezo, mwambie mnunuzi kabla hajavuka mlango, mpunguzie bei, na liandikwe kwenye mkataba. Usingoje moyo ukusute, kwa kuwa moyo huchelewa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe chaweza kuwa cha mtoto wa mwenzio. Na ukishasema kweli, usikae mlangoni kungojea shukrani. Ningerudishwa siku ile, ningesema tena, mapema zaidi, na ningewapoteza tena walewale.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie ndugu watakaokuelewa ungali hai. Na akikunyima hao, akujalie usingizi wa aliyesema kweli.