Cha Zamani Kinarudi Stoo

"Wewe umesoma. Kama boksi ndilo lilikuwa bovu, na boksi limetoka, ugonjwa umebaki wapi?"

Baba aliniuliza hivyo akiwa amekaa kwenye usukani wa lori ambalo halikuwa linakwenda popote. Nilikuwa nimerudi Songea kutoka chuo kikuu na maoni juu ya kila kitu, kuanzia bei ya tumbaku mpaka kuwepo kwa Mungu.

Kabla ya soko huria baba alikuwa dereva wa chama cha ushirika. Lori lake lilikuwa na namba 18 mlangoni, na mtaani kwetu Lizaboni yeye mwenyewe aliitwa Kumi na Nane, hata na watoto: "Shikamoo, Kumi na Nane." Alikuwa akikwaruza namba hiyo kwa msumari kwenye kila kitu chake. Jembe, kufuli, sufuria ya mama ya kupikia maharage. Gereji ya ushirika ilimfundisha kwamba kitu kisicho na alama kina miguu. Ilimfundisha pia jambo la pili, na hilo ndilo lililotuponza: hupewi spea mpya bila kukabidhi ile ya zamani. Mtunza stoo anapokea kibovu kwanza, ndipo mkono wake unakwenda kwenye rafu.

Ushirika ulikufa taratibu, kama mgonjwa ambaye ndugu wanamgombania urithi angali anapumua. Kwanza ulikosekana mshahara, kisha dizeli, mwishowe wakafunga geti kwa mnyororo. Baba alipunguzwa kazi. Aliyempa mkono wa kwaheri alimuuliza jina.

Kiinua mgongo chake kilinunua lori dogo la Kimarekani, usukani kushoto, kwenye mnada wa mradi wa barabara uliokuwa unafungasha. Yalikuwa mawili, pacha kabisa. La pili lilinunuliwa na aliyekuwa karani wa ushirika, jirani yetu wa mtaa wa chini. Siku hiyo waliingia Lizaboni wamefuatana, wanapiga honi kama wanaleta bibi harusi. Mama alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi miaka ile.

Sasa tumbaku ya vijiji vya Namtumbo ilikuwa inanunuliwa na kampuni binafsi. Ilihitaji gari moja la kubeba mabelo kutoka vijijini kuja mjini, na mkaguzi wake angechagua gari hilo mwanzoni mwa msimu. Baba aliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu. Kusombea watu mahindi mara moja moja hakukumtosha. Alitaka arudi kwenye barabara ya Namtumbo na mzigo mgongoni, watu wamwone. Mshindani wake pekee angekuwa karani, ila lori la karani lilikuwa limezimika taa zote tangu Krismasi. Hakuna aliyemhesabu.

Mvua zilipokuwa zinaisha, lori letu likaanza wazimu. Ukiwasha indiketa, zinacheza wipa. Ukikanyaga breki, taa za mbele zinazima. Jumapili moja, nje ya kanisa, padri akiwa bado anabariki watu, honi ililia yenyewe na haikunyamaza mpaka baba alipochomoa waya wa betri.

"Kumi na Nane, hilo lipeleke kwa mganga," alisema mzee mmoja wa kwaya. "Fundi utamwonea bure."

"Ni la Marekani hilo," alidakia mwingine. "Unaliamuru kwa Kingoni, litakuelewa vipi?"

Fundi umeme tuliyemwita alikuwa na miwani ya jua, taa ndogo ya kupimia na majivuno ya kutosha mkoa mzima. Alijipenyeza chini ya dashibodi, akagusagusa nyaya, akatoka na hukumu.

"Kontrol boksi imekufa. Magari haya taa, wipa, honi, vyote vinapokea amri kwenye boksi. Boksi likichanganyikiwa, gari zima linachanganyikiwa."

"Umelipima?" nilimuuliza.

"Dada, boksi halipimwi. Linabadilishwa."

"Sasa umejuaje kwamba ni lenyewe? Hapa chini ya kapeti pana maji, na nyaya zimeota kutu."

Alimgeukia baba. "Mzee, huyu msomi wako anasomea nini?"

"Uchumi," baba alijibu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Basi aniachie umeme, mimi nitamwachia uchumi. Tuone nani ataharibu zaidi."

Walicheka wote, na baba akacheka nao. Sikuwa najua lolote kuhusu nyaya. Nilikuwa nauliza tu, kama nilivyokuwa nauliza kila kitu nyumbani, mpaka mama akanikataza kuuliza wakati wa kula. Lakini kile kicheko nilikijua. Ndicho nilichokutana nacho darasani, mhadhiri alipotueleza kwamba soko huria litakipeleka kila kitu kwa anayekihitaji zaidi, nami nikauliza ni nani amewahi kuliona likifanya hivyo.

Boksi liliagizwa Dar es Salaam kupitia duka la spea la mjini, likaja na basi. Nilikwenda na baba kulichukua. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu zote: shikamoo mzee, karibu kiti mzee. Akatuwekea mezani boksi jeusi lililofungwa kwa gazeti. Baba hakulishika. Kwanza aliingiza mkono kwenye mfuko wake wa rambo, akatoa lile lililotolewa kwenye lori, akalifuta vumbi kwa kiganja na kuliweka mbele ya yule kijana.

"La nini hili, mzee?"

"La zamani. Kibovu."

"Naliona. La nini kwangu?"

"Cha zamani kinarudi stoo," baba alisema.

Yule kijana alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Nilimwona anataka kucheka, halafu nikamwona anafikiri. Akalichukua kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa, akaliweka chini ya meza.

"Asante sana, mzee."

Njiani nilimwambia baba kwamba hakuna stoo tena, lile lilikuwa duka la mtu, na boksi lilikuwa mali yake hata kama limekufa. Alinijibu kwamba ukiona nchi imeacha utaratibu, si lazima na wewe uache.

Fundi alifunga boksi jipya akipiga mluzi. Baba aliwasha indiketa. Zikacheza wipa.

Fundi akasema boksi jipya linahitaji kuzoea gari, tuliachie siku chache. Tuliliachia. Halikuzoea. Akasema labda ni la toleo tofauti, afadhali turudishe lile la zamani kwanza ili alinganishe. Baba alikwenda dukani mwenyewe. Aliporudi alikuwa anatembea kwa ule mwendo wake wa kutoka mazishini.

"Amelitupa," alisema. "Anasema, mzee, si ulisema ni bovu?"

Fundi akaanza kukwepa mtaa wetu.

Siku ya ukaguzi baba alivaa kaunda suti aliyoishonesha enzi za ushirika na kulipeleka lori hivyo hivyo kwenye ghala la kampuni. Nilikaa pembeni yake. Alikuwa na matumaini kwamba mkaguzi ataangalia injini, kwa sababu kwenye ushirika walikuwa wanaangalia injini. Mkaguzi alikuwa kijana wa rika langu. Hakufungua boneti. Alisimama mbele ya lori na kusema, "Indiketa, kushoto."

Wipa zikaanza kufagia kioo kikavu. Wapakiaji waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakashika matumbo. Mmoja akapaza sauti: "Mzee, mvua imeisha! Usitupeperushie vumbi!"

"Breki," alisema mkaguzi. Honi ikalia, ndefu, na baba akabaki na mikono yote miwili kwenye usukani kama mtu anayeshikilia ng'ombe.

Honi ilipokwisha kunyamazishwa tulisikia lori jingine nyuma yetu. Lilikuwa la karani. Taa za mbele zinawaka, indiketa zinapepesa, wipa zimetulia mahali pake. Mkaguzi alilizunguka mara moja na kumpa karani mkono.

Baba alishuka, naye akaenda kumpongeza karani. Nilimsikia akimuuliza amepata wapi spea.

"Mjini, mjini tu," karani alisema, akiangalia matairi. "Mungu si Athumani, Mzee."

Niliona kitu kidogo ambacho nilikiweka akilini bila kukielewa. Tangu asubuhi ile karani aliacha kumwita baba Kumi na Nane. Walikuwa wamefanya kazi pamoja ujana wao wote na hakuwahi kumwita jina jingine, lakini kuanzia hapo ilikuwa "Mzee", kila alipopita na mabelo yake kwenda na kurudi, msimu baada ya msimu. "Habari za leo, Mzee." Baba aliona ni heshima. Alimwambia mama kwamba mafanikio hayakumharibu yule bwana.

Letu liliwekwa nyuma ya nyumba na kuku wakalipenda. Jioni baba alikuwa akienda kukaa kwenye usukani, na ndipo siku moja aliponiuliza ugonjwa umebaki wapi. Nilimwambia sijui. Akaniambia basi chuo kikuu wanatumia vibaya kodi ya watu, akacheka, na hakuliuliza tena. Hakuendesha tena gari la kazi mpaka tulipomzika.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Lizaboni kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu mabaki ya lori letu. Uani kwake nililikuta pacha lake, limeshafumuliwa; karani naye alikuwa amefariki, na wanawe walikuwa wameliuza. Mnunuzi aliona ninaliangalia. Akadhani natafuta spea, akaniletea boksi jeusi.

"Hili chukua tu, dada. Lile gari halikusumbua taa mpaka siku walipolileta hapa."

Nililigeuza. Mgongoni, kwa msumari, lilikuwa limekwaruzwa 18.