Nilivyojifunza Kumwacha Binti Yangu Alale

Binti yangu alipofika miezi tisa nilimpeleka kliniki hapa Tabora mjini kwa sababu hapati usingizi. Akilala nusu saa anashtuka na kulia mpaka anatota jasho. Muuguzi alimpima uzito, kisha akaniuliza, "Akiwa amelala, nani anamwamsha?"

"Hakuna," nikasema. Nilikuwa nadanganya.

Nilikuwa namwamsha mimi. Kila alipotulia nilimwekea kiganja kifuani, na nisipoisikia pumzi upesi nilimtikisa. Kaka yake, mtoto wangu wa kwanza, alilazwa mchana akiwa na miezi minne, hakuamka tena. Hakuwa mgonjwa. Hospitali hawakuona sababu. Tulihama Ipole, nyumbani kwa wakwe, tukapanga huku mjini, lakini ule ukimya wa saa nane mchana ulinifuata. Mtaa ukinyamaza tu, namwona yule wa kwanza kitandani, uso kaugeuzia ukutani.

Muuguzi aliutambua uongo wangu, lakini hakunikaripia. Alisema mtoto wa umri huu alale mara mbili mchana, asubuhi na baada ya chakula, na jioni alazwe saa ile ile kila siku: aoge, anyonye, taa izimwe, alale chali bila mto. "Na wewe utoke chumbani," akamalizia.

Siku tatu nilishindwa kutoka. Siku ya nne akaja mama mkwe. Mume wangu, anayefanya kazi stesheni ya Kaliua, ndiye aliyemwita bila kuniambia. Nilimwamkia, akaitikia, lakini mtoto sikumpa. Siku aliyofariki yule wa kwanza, yeye ndiye aliyemlaza. Huyu wa pili sikuwahi kumwachia ambebe, naye hakuwahi kuomba.

Baada ya chakula mtoto akaanza kufikicha macho. "Mlaze wewe, mwanangu," mama akasema. "Mimi siingii."

Nilimlaza nikatoka, tukakaa mkekani uani. Punde nikainuka. Mama akanishika kanga.

"Siku ile niliingia kumtazama mara tatu," akasema. "Mara zote anapumua. Niliporudi tena..."

Sikuwa najua. Miaka yote miwili niliamini alimlaza akaenda zake shambani. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Tulilia kimyakimya, tusije tukamwamsha mtoto.

Alilala saa moja na nusu. Alipoita nikasema, "Mama, mchukue."

Alikaa nasi wiki tatu, mpaka mtoto akazoea saa zake. Siku ya kuondoka kwake tulimsindikiza Ipole, nikaenda kaburini kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Ilikuwa saa nane. Mama akatandika kanga kivulini, nikamlaza binti yangu chali kando ya kaka yake, naye akasinzia. Tukaanza kung'oa majani, taratibu, kila mmoja upande wake.