Mtoto Asiyeingia Katika Buku ya Familia

Papa alikuwa muuguzi wa zahanati huko Masisi, na mwaka mmoja, enzi za ukoloni, alikubaliwa kuhesabiwa chini ya sheria ya Wazungu badala ya ile ya kimila. Kabla ya hapo watu wa serikali walikuja kutukagua nyumbani. Walifungua kabati, wakatazama kama tunalala vitandani, wakakaa kututazama tukila maharage kwa uma. Mimi nilikula vizuri kuliko wote, najisifu mwenyewe.

Karatasi yake ilipotoka, ikabaki kazi ya kutuandikisha sisi, mke na watoto, katika buku moja ya familia. Tulikwenda ofisini sote tumevaa viatu, vyangu vikinibana. Karani alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu mpole. Aliwaandika wadogo zangu. Aliponifikia mimi akasimamisha kalamu, kwa sababu cheti changu cha ubatizo kilikuwa na jina la baba mwingine.

"Papa, huyu njo weye ulimuzaa?"

"Ni mutoto wangu."

"Najua. Lakini ni weye ulimuzaa?"

"Ni wa kaka yangu. Alikufa wakati huyu iko anaanza kutambaa."

Kwetu milimani hilo halikuwa siri wala habari. Mtoto wa ndugu yako ni wako, na hakuna anayekaa kulieleza. Mama alisema, "Nilimunyonyesha miye," na karani akamjibu kwa heshima kwamba sheria hii haiandiki maziwa. Mama yangu mzazi alikuwa hai kwao Walikale. Basi, akasema karani, nirudi kwake, au nikae kwa Papa kama mgeni.

Papa alitia sahihi bukuni, bila jina langu. Nilitazama mkono wake nikingoja uchungu uje, haukuja. Nikaanza kufikiria viatu, na lini nitavivua.

Kabla ya mvua alinipeleka Walikale, kwa lori kisha kwa miguu msituni. Ndivyo alivyokuwa: akipewa amri, huitii mpaka wewe uliyeitoa ndiye unayeona aibu. Wajomba zangu walitupikia sombe ya majani ya muhogo na nyama ya porini, wakamsikiliza hadi mwisho. Mama yangu mzazi alikuwa ameolewa tena na ana watoto wengine. Alinishika mashavu, akarudi jikoni. Mjomba mkubwa akasema, "Mbuzi ya mahari tulishakula, Papa. Mutoto ni wenu. Sisi hatuwezi kumuchukua."

Mimi niliendelea kula. Sombe ilikuwa tamu, na nilikasirika kwamba ni tamu.

Tukarudi. Nililala kitanda kilekile, nikaosha sahani zilezile, na hakuna aliyenitesa. Wakaguzi walipopita tena, Papa aliwaambia mimi ni mgeni, binti wa marehemu kaka yake. Niliwapa mkono mmoja mmoja, kama mgeni.

Miaka ikapita, nikaposwa na kijana wa huko Kingi. Wazee wao walileta mbuzi, na Papa akakaa kwenye kiti cha baba, kama mila inavyotaka, akapokea. Mzee mmoja, kwa adabu tu, akamwuliza kama mimi ndiye binti yake wa kwanza.

"Njo huyu," Papa alisema. "Wa kwanza wangu."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Hapo ndipo nilipolia, tena kwa hasira, mpaka Mama akaja kuniziba mdomo kwa kitenge chake ili wageni wasisikie.