Shilingi Mbili za Kujulikana

Tulikuwa hatujamaliza miezi mitatu Tororo mume wangu alipovunjika mguu. Alikuwa utingo wa lori lililobeba pamba kwenda kwenye kinu, na siku hiyo robota moja la pamba liliteleza likamwangukia gotini. Hospitali ya serikali walimfunga mbao, wakamrudisha nyumbani. Mwenye lori alimlipa siku alizokwisha kufanya kazi, na Jumatatu iliyofuata akachukua utingo mwingine.

Kwetu ilikuwa Busia, upande wa Kenya. Huko nilikuwa nakaanga mandazi, na mwenye duka alinipa unga na mafuta ya pamba bila kuniuliza kitu, kwa kuwa aliwahi kumkopesha mama yangu, na kabla yake bibi yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba hiyo ni mali. Nilipovuka mpaka nilibeba karai, sufuria mbili na mkeka, nikadhani nimebeba kila kitu.

Duka nililoliendea Tororo lilikuwa la Mhindi mmoja, karibu na stesheni ya reli. Nilimweleza kwamba wapagazi wa stesheni hawana mandazi ya chai ya asubuhi, kwamba nikipata nusu gunia la unga nitamlipa ndani ya wiki mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa dharau.

"Mama, mimi sikujui," alisema.

"Busia wananijua."

"Basi Busia wakukopeshe."

Nikaenda Busia kwa miguu, mwendo wa siku nzima, nikalala kwa shangazi. Yule mwenye duka wa zamani alinionea huruma akaniandikia barua nzuri, kwamba mimi ni mtu wa kuaminika tangu kwa wazazi. Nilirudi nayo Tororo nimeifunga kwenye ncha ya leso. Mhindi alivaa miwani yake, akaisoma barua yote, kisha akanirudishia.

"Aliyeandika simjui. Wewe sikujui. Sasa nina watu wawili nisiowajua."

Nikaanza kuifunga tena barua kwenye leso. Nadhani aliona miguu yangu, maana ilikuwa imevimba. Akapima ratili ya sukari, akaifunga karatasi, akaisukuma juu ya kaunta. "Chukua hii. Jumamosi ulete pesa yake. Isiwe Jumapili."

Sikuwa na haja ya sukari. Nyumbani tulikuwa na shilingi mbili tu, zilizobaki kwenye mshahara wa mwisho, na zile zingetosha kununua unga wa muhogo wa siku nyingi. Lakini nilielewa alichokuwa akifanya. Ile sukari nikamwuzia jirani yangu, mama mmoja mwenyeji wa kijiji cha Kiyeyi aliyekuwa akiuza maziwa, kwa bei ileile, bila faida ya senti moja. Jumamosi asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, nilikuwa nimeshafika kibarazani.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukopa nisichokihitaji ili nijulikane. Wiki ya pili akanipa sukari na sabuni. Wiki ya tatu akaongeza mafuta ya taa. Kila mara namwuzia jirani, kila Jumamosi nalipa, na zile shilingi mbili zinakaa ndani ya kopo chini ya kitanda, nisithubutu kuzigusa, kwa hofu kwamba jirani atachelewa kulipa nikakosa. Chakula nilikitafuta kwa jembe. Nilikwenda Kiyeyi kupalilia mashamba ya watu, jioni wakanilipa muhogo.

Mume wangu aliyaona hayo yote akiwa amelala. Mguu ulikuwa unamuuma hata akaacha kuongea nami vizuri.

"Kuna pesa humu ndani," aliniambia siku moja, "na mimi nakula muhogo mkavu kama mfungwa. Ninunulie hata maziwa ya senti kumi."

"Zile si za kula."

"Ni za Mhindi?"

"Ni za unga. Vumilia."

"Unamlisha mtu aliyeshiba," alisema, akageukia ukutani.

Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba. Sikuwa na uhakika kwamba mimi ndiye mwenye haki. Kila siku nilijiuliza kama yule Mhindi ana nia ya kunipa unga kweli, au amepata tu mtu wa kumwuzia bidhaa zake ndogo. Naye mume wangu anakonda mbele ya macho yangu. Hata sasa, uzee umenifikia, nikikumbuka ule mgongo alionigeuzia sipendi kuendelea kukumbuka.

Wiki ya tano alinikopesha vitu vya shilingi mbili kamili. Jirani safari hiyo hakuwa na pesa taslimu, ng'ombe wake alikuwa ameacha kutoa maziwa, akaomba nimngoje mpaka mwisho wa mwezi. Sikuogopa. Kopo lilikuwapo. Ijumaa mchana nililivuta kutoka chini ya kitanda nikalifungua, halikuwa na kitu.

"Zimekwenda wapi?"

Mume wangu hakunidanganya. Nilipokuwa shambani alikuwa amemwita mganga wa mifupa kutoka Mwello, naye mganga akamfungua zile mbao za hospitali, akamnyoosha upya kwa zile shilingi mbili. "Mguu ulikuwa unaunga upande," alisema. "Utingo kiwete nani atamchukua? Ungeniuliza ningekwambia. Hukuniuliza kitu tangu siku ile niliyokuomba maziwa."

Nililirudisha kopo chini ya kitanda. Nilijifunga kanga nikaenda dukani mchana uleule.

"Leo Ijumaa," Mhindi alisema aliponiona. "Siku yako ni kesho."

"Nimekuja leo kwa sababu kesho ningekosa uso wa kuja. Pesa sina."

"Umekula?"

"Mume wangu ameitumia."

"Pombe?"

"Mguu."

Aliita mteja mwingine, akamhudumia, akahudumia wa pili. Mimi nimesimama tu. Mwishowe akanionyesha chumba cha nyuma, mlimokuwa na magunia ya maharage yaliyochanganyika na mawe. Nikachambua na kupepeta mpaka magharibi. Jumamosi nikarudi, na Jumatatu na Jumanne. Vumbi lilinijaa kifuani, vidole vikachubuka. Hakuna aliyeniambia deni langu limefika wapi, nami niliona haya kuuliza.

Jumanne jioni aliniita mbele akasema tumemalizana. Nikashukuru, nikageuka kuondoka, maana sikutegemea zaidi ya hapo. Akamwambia mpimaji wake aniwekee nusu gunia la unga na chupa ya mafuta.

"Wengine pesa ikikosekana wananikimbia wiki tatu," alisema. "Wiki mbili, mama. Jumamosi."

Sikuwa na senti ya mpagazi. Nililivuta lile gunia barabarani, nikapumzika, nikalivuta tena, nikilitazama kila hatua lisipasuke. Mume wangu aliponiona mlangoni alijaribu kuinuka akashindwa, akabaki ameketi ananitazama. Hatukusemezana kuhusu kopo siku hiyo wala baadaye. Mguu wake uliunga, mfupi kidogo kuliko mwenzake, na mwaka uliofuata akapata kazi ya kupima pamba kwenye mizani, kazi ya kukaa.

Lakini usiku ule hatukuwa tunajua hayo. Nilikanda unga kidogo kujaribu, nikakaanga mandazi sita ya kuonja, na tukayala yote sita yakiwa bado yanachoma, hatukuacha hata moja la kuuza. Nilipomaliza nikafunga mdomo wa gunia kwa kamba. Nilikuwa nimeanza kuula ule unga, nao haukuwa wangu bado.