Vifaranga wa Chebet

Moshi wa mti wa senetwet una harufu tamu kidogo, na nyumbani kwetu Merigi ulikuwa kazi yangu. Nilichoma kijiti mpaka kikawa kaa, nikakiingiza ndani ya kibuyu na kusugua, ili mursik, maziwa yetu ya kugandisha, yakae bila kuharibika. Mama aliwaambia wageni kwamba hakuna mkono kama wangu, nami nikavimba kichwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sifa zote za nyumba ile niliziona kuwa zangu.

Kisha baba akaleta mashine ya kuangua mayai, sanduku la mbao lenye balbu mbili, sahani ya maji na kioo kidogo juu. Akamkabidhi Chebet, mdogo wangu wa miaka kumi, eti yeye ana subira. Chebet alitia kila yai alama ya penseli, akayageuza asubuhi, mchana na jioni. Yai la kwanza lilipopasuka, majirani walijaa jikoni kwetu. Hata baba, ambaye akitoka kuchuma chai hakuwa na neno kwa mtu, aliketi sakafuni akicheka. Mimi nilisimama mlangoni na kibuyu changu, na hakuna aliyekitazama. Nilimchukia mdogo wangu, na nilichukia hata manyoya ya vile vifaranga.

Mayai ya mara ya pili yaliletwa na majirani wenyewe. Baba akamwambia Chebet mbele yetu sote, "Hawa wakitoka vizuri, nakujengea nyumba ya kuku. Yako peke yako." Usiku ule sikula.

Siku ya kumi na tisa vifaranga walianza kulia ndani ya maganda. Chebet alikuwa ameenda mtoni. Sikutaka kuwaua, jamani. Nilitaka tu na mkono wangu uonekane katika kazi ile, watu waseme vifaranga wana nguvu kwa sababu ya Cherono. Nikawaza, kama moshi unalinda maziwa, utalinda na hawa. Nikaweka ndani kijiti cha senetwet kinachofuka, nikafunga mfuniko. Sauti zilipokoma, nilitoroka hadi katikati ya michai, kijiti nikakiacha humo humo.

Jioni baba alipasua mayai moja moja. Jikoni kwetu harufu ile haikumshangaza mtu.

"Sasa nitaambia watu nini, Chebet?"

"Nilisahau kuongeza maji, baba."

Nilimwamini kwamba ni maji, si moshi wangu, nikapumua. Sanduku lilipelekwa kwa mjomba, nyumba ya kuku haikujengwa, nami, aibu iliyoje, niliona raha.

Leo Chebet anaangua vifaranga Sigor, na wateja wanapanga foleni. Mimi nina kazi ya ofisi Kabianga, na kila nikisikia akisifiwa moyo bado unachoma. Krismasi iliyopita nilijikaza nikamweleza kila kitu. Hakushtuka.

"Si nilijua, Cherono. Nilikuta kijiti chako ndani, nikakitoa kabla baba hajarudi."

"Mbona hukusema?"

"Ungechapwa."

Nilipaswa kumkumbatia. Badala yake nilimwonea wivu kuliko siku zote, kwa sababu mashine naweza kununua hata kesho, lakini mimi, dada mkubwa, nisingembebea lawama hivyo.