Zamu ya Hamira kwenye Tanuri

Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelikumbuka pale kiwandani. Walimwita Hamira, maana unga aliokanda yeye haukuwahi kulala doro, na ulimi wake vilevile. Ushirika wa waokaji mikate ulikuwa na tanuri moja na wanachama tele, kila mmoja na zamu yake. Zamu ya Hamira ndiyo iliyolisha nyumba tangu mumewe apate kazi ya mbali na kusahau njia ya kurudi.

Basi mama mkwe akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Nani amuuguze? Binti yake wa kumzaa alikuwepo, tena mtaa huohuo, lakini yeye ni katibu wa ushirika, mtu wa vikao, hana nafasi. Mzigo ukamwangukia Hamira. Hakunung'unika sana. Jambo moja tu lilimtia hofu: kamati ilikuwa imebandika utaratibu mpya, kwamba atakayekosa zamu miezi mitatu mfululizo atampisha mwingine.

Akamwendea wifi yake huyo katibu. Wifi akacheka, akamketisha, akamfundisha kama mtoto. Utaratibu, akasema, ni mambo ya kamati: nani afagie, tanuri liwashwe saa ngapi, nani afunge mlango. Kamati inautunga leo, na kesho ikiamka vibaya inaufuta. Katiba ni ya wanachama wote, na hiyo ndiyo inayosema mwanachama hapokonywi zamu maadamu hajaiba wala hajapigana. Vikigongana, utaratibu ndio unaoanguka. Na katiba haiguswi ila na mkutano mkuu, kwa theluthi mbili ya kura.

"Kamuuguze mama, wifi yangu," akamwambia. "Zamu yako iko palepale."

Hamira akaamini. Jamani, usipomwamini wifi unayemwogeshea mama yake, utamwamini nani? Akajifunga kibwebwe, akawa anamgeuza mgonjwa, anamlisha, anamsafisha, hadi mgongo wake mwenyewe ukaomba poo.

Mwezi wa nne wa kuuguza, jirani aliyezoea kukanda naye unga akapita mlangoni, akashangaa kumkuta hajajiandaa. Kwani haendi mkutanoni? Mkutano upi? Mkutano mkuu, tangazo liko ukutani kiwandani wiki mbili sasa. Hamira, ambaye huko kiwandani hakuwa akifika, akatoka mbio, mikono bado inanuka sabuni ya mgonjwa.

Akaomba kusema. Akaeleza kama alivyofundishwa, kwamba utaratibu wa kamati hauwezi kumnyang'anya alichopewa na katiba. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wifi naye akaitikia, tena kwa sauti tamu.

"Anasema kweli. Ndiyo maana leo hatuzungumzii utaratibu. Tunabadilisha katiba."

Akasoma kifungu. Ni yaleyale ya miezi mitatu, ila sasa yanaingia kwenye katiba, na yanawahusu hata waliokwisha kukosa. Kabla Hamira hajajibu, kura ikaitishwa. Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa wifi. Ikafuata mingine, ikiwemo ya watu aliowafundisha yeye kukanda, macho yao sakafuni. Theluthi mbili ikapatikana na chenji ikabaki. Kisha zamu yake akapewa mwanachama aliyepokelewa siku hiyohiyo, binti wa wifi. Shukrani ya punda ni mateke, sawa, lakini punda hakusomei kifungu kwanza.

Mlangoni wifi akamshika bega. "Usinikasirikie. Kila kitu kimefuata katiba."

Na kweli kilikuwa kimefuata. Hilo ndilo lililomchoma Hamira, kwamba kasalitiwa na hana hata pa kushtaki. Akautoa ule mkono begani, akaenda zake.

Nyumbani mama mkwe alikuwa macho. Hamira akachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akamsimulia yote huku machozi yakimtoka, akingoja japo pole moja. Bibi kizee akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mjukuu wangu kapata zamu?"

"Kapata, mama."

"Afadhali. Alikuwa anakaa bure tu. Haya, nianzie mgongoni."

Hamira akakiacha kitambaa ndani ya beseni. Akatoka, akaketi kizingitini. Mama mkwe akaita, akaita tena. Alimsikia vizuri kabisa, na hakuitika.