Mama Alivyokataa Kumshika Mkwe

Mguu wa mama ulivimba, ukaanza kunuka. Mganga wa zahanati akautazama, akakunja pua hivi: "Mpelekeni Kasulu leo leo. Mkichelewa, utakatwa." Tulikuwa huku juu, Manyovu, miaka ile tumeshahamishiwa vijiji vya ujamaa. Gari hakuna. Kulikuwa na baiskeli ya mume wangu, nayo haina breki.

Sasa, kwetu mama mkwe na mkwewe hawagusani. Hata kutazamana usoni, hapana. Na nyuma ya baiskeli utakaaje usimshike anayeendesha? Mama akasema, "Nitageuka." Akapanda kwenye keria akatazama nyuma, tukaweka furushi la nguo katikati ya migongo yao. Breki ikawa mimi. Tulifunga kamba ya katani kwenye keria, nami nakimbia nyuma, mteremkoni naivuta.

Mume wangu, na ile sauti yake ya puani: "Mwambie mama ashike shati langu."

Yuko hapo hapo, anamsikia! Mama naye, kasauti kama kifaranga: "Mwambie mumeo sikuja kuolewa."

Nilicheka. Mlima wa kwanza nilicheka.

Wa pili njia imekatwa ubavuni mwa mlima. Mvua ilikuwa imenyesha, changarawe zinateleza. Mkono huu ukuta wa udongo, mkono huu hakuna kitu, bonde tu, na migomba huko chini midogo kama vitunguu. Kamba inanikata viganja. Mama ananitazama mimi, mimi namtazama yeye, hatuna pengine pa kutazama.

"Usiniachie, mwanangu."

"Sikuachii. Mshike mwenzio!"

"Sishiki."

Nikakanyaga tope. Nikakaa chini pwaa, nikaburutwa kwa makalio, kamba ikanitoka.

Mpaka leo nauona ule uso. Unakwenda, unapungua, mdomo wazi, sauti haitoki. Mkono mmoja unapapasa hewani. Nikapiga kelele, "Mshike! Mama, mshike!" Wakaingia kwenye kona, sikuwaona tena.

Nikangoja kusikia chuma kinagonga. Kimya. Nikakimbia huku najiambia, nikifika kwenye kona nisitazame bondeni, nitazame njia kwanza.

Baiskeli ilikuwa imejikita kwenye ukuta wa udongo, gurudumu bado linazunguka. Wao wamekaa kwenye nyasi. Mama amemkumbatia mkwe shingoni kwa mikono miwili, amefumba macho.

Mume wangu anakoroma: "Mwambie... mama... aniachie... shingo."

Mama, macho hajafumbua: "Mwambie sijamgusa."

"Hujamgusa, mama," nikasema.

Milima ilikuwa bado. Mama akapanda tena, safari hii anatazama mbele, nikamwambia ajifunike kitenge kichwa kizima asimwone mkwe. Akamshika shati kwa vidole viwili. Mteremko ulipoanza nikaona ngumi nzima.

Mimi nikazungusha kamba kiunoni. Nikasema, wakienda, tunakwenda wote. Woga haukuniacha mpaka Kasulu, lakini ule uso haukuwa tena mbele yangu, na hapo mikono ikapata nguvu.

Mguu haukukatwa. Siku ya kurudi, mama alijifunika kitenge mwenyewe kabla ya kupanda, hajaambiwa na mtu.